Ewaso Nyiro haufii Crocodile Jaws, unafia huku juu

Kila mwaka tangu 2013 kuna msafara wa ngamia unaofuata mto Ewaso Nyiro, kaskazini mwa Kenya. Ni watu wa Laikipia, Samburu na Isiolo, wazee kwa vijana, wanatembea siku kadhaa, wanalala kando ya mto, na kila kijiji wanachofika wanakaa chini ya mti wanaongea habari ya maji na habari ya bwawa ambalo serikali ilipanga kujenga pale Crocodile Jaws, lile korongo jembamba la mawe ambapo kaunti hizo tatu zinakaribiana. Na kila mwaka klipu zikishafika kwenye simu zetu mjadala unarudi vile vile kama kaseti. Kuna wale wa "hawa watu wa kaskazini shida yao nini, ukame ukija wanalia, bwawa likija wanakataa". Kuna wale wanaosema mto ni wa tembo na watalii, basi uachiwe mbuga na tuendelee na mengine. Na wale wanaounga mkono msafara nao wanaposti picha ya ngamia na jua likizama, wanaandika bwawa litaua mto, kisha wanaenda kulala.

Mimi nadhani wote hao watatu wanaangalia mahali ambapo shida haipo. Bwawa ni hatari, nakubali, na nitaeleza kwa nini. Lakini mpaka leo halijajengwa, na mto umeshakauka mara nyingi tu bila msaada wake. Kinachoumaliza ni paipu, mifereji na pampu za huku juu, kuanzia Nyahururu mpaka Timau, mamia kwa mamia, kila moja ndogo, nyingi zina sababu nzuri kabisa, na zinafanya kazi hiyo kwenye ile miezi miwili mitatu ya kiangazi ambapo hakuna kamera wala ngamia. Ukiniuliza nani analinda Ewaso Nyiro sitakuonyesha renja wa Samburu, nitakuonyesha mkulima wa viazi wa Ontulili na afisa wa vibali vya maji pale Nanyuki, hata kama wao wenyewe hawajui kwamba hiyo ndiyo kazi yao.

Kwanza tukubaliane tunaongelea mto gani maana hata jina linachanganya. Kuna Ewaso Nyiro wa Kusini unaoenda Ziwa Natron, huo tuuache. Huu wa Kaskazini unaanzia milimani, upande wa magharibi na kaskazini wa Mlima Kenya kuna Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Likii, Ontulili, Sirimon, Timau, na upande wa Nyandarua kuna Ewaso Narok ambao ndio unaanguka mita 74 pale Thomson's Falls watu wanapigia picha za harusi. Vijito vyote hivyo vinakutana kwenye uwanda wa Laikipia, mto unaingia mawe ya Crocodile Jaws, unapita katikati ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, unatokea Archers Post, unagusa Shaba, unaruka Chanler's Falls, halafu unatambaa kwenye nchi tambarare mpaka Merti na mwisho kwenye kinamasi cha Lorian. Urefu wake ni kama kilomita 700. Mwaka ukiwa wa mvua kubwa maji yanavuka Lorian, yanafuata Lagh Dera yakielekea Somalia upande wa Jubba, lakini miaka mingi hayafiki. Huyo Chanler aliyepewa maporomoko alikuwa Mmarekani, na mwaka 1893 yeye na mwenzake von Höhnel walifuata mto huu wakiamini kwamba Lorian ni ziwa, wakafika wakakuta matope na matete. Wale waliokuwa wanalisha ng'ombe hapo wangewaambia bure.

Sasa ukiangalia bonde lote la upande huu wa kaskazini, ni kama kilomita za mraba 210,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya Kenya. Na zile mbuga tatu ambazo watu wakisikia Ewaso Nyiro umelindwa ndizo wanazofikiria? Samburu ni 165, Buffalo Springs 131, Shaba 239. Jumla 535. Tena ziko katikati ya mto, si kwenye chanzo. Ni sawa na kuweka askari getini wakati ukuta wa nyuma hauko. Mbuga inaweza kukataza mtu kupiga risasi tembo, haiwezi kukataza paipu iliyofungwa kilomita 100 juu yake, na tembo hajui tofauti ya kufa kwa risasi na kufa kwa kiu.

Nimesimama kwenye daraja la Archers Post mwezi wa pili mwaka mmoja mbaya na chini hapakuwa na mto. Palikuwa na mchanga mweupe, upana wa mto mzima, na nyayo. Mama mmoja alikuwa amechimba shimo kina cha kiuno chake, anachota na kibuyu cha plastiki kilichokatwa kutoka kwa jerikeni ya mafuta ya kupikia, anamimina kidogo, anasubiri maji yajichuje tena kutoka kwenye mchanga, anamimina kidogo. Jerikeni ya lita ishirini ilimchukua karibu saa nzima. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na shimo lingine, pana, limepondwapondwa kingo, na akaniambia kwa kawaida tu kwamba lile ni la tembo, usiku wanachimba wao, asubuhi wanachimba watu. Siku hiyo hiyo nikapanda gari kurudi, baada ya Isiolo barabara inapanda, hewa inapoa, na kufika Timau nikaona sprinkla zinazunguka kwenye shamba la kabeji saa saba mchana jua likiwaka. Sikumchukia yule mwenye kabeji. Ila sijawahi tena kusikia mtu akisema "ukame" kuhusu ule mto bila kujiuliza anamaanisha ukame wa wapi.

Kuna namba moja ambayo ningependa kila mtu anayechangia mjadala huu aiweke kichwani. Pale Archers Post maji yamepimwa kwa miongo mingi. Miaka ya 1960, mwezi wa Februari ambao ndio mto huwa chini kabisa, wastani ulikuwa kama mita za ujazo 9 kwa sekunde. Miaka ya 1970 ikawa karibu nusu ya hiyo. Miaka ya 1980 moja na kitu. Miaka ya 1990 ikashuka chini ya moja. Hakuna bwawa kubwa lililojengwa hapo katikati, hakuna mji wa kitalii, LAPSSET yenyewe, ule mradi wa bandari, barabara na miji ya kitalii ambao bwawa hili ni sehemu yake, ilizinduliwa Lamu Machi 2012 na Kibaki, Kiir wa Sudan Kusini na Meles wa Ethiopia, mto ukiwa umeshapoteza karibu sehemu tisa kati ya kumi za maji yake ya kiangazi. Kilichobadilika ni watu na kilimo. Baada ya uhuru mashamba makubwa ya walowezi upande wa Laikipia yakanunuliwa na makampuni ya ardhi yakakatwa vipande, watu wakashuka kutoka Nyeri, Kiambu, Meru, wakakuta nchi ambayo mvua yake haitoshi mahindi kila msimu, wakafanya kile mtu yeyote mwenye akili angefanya, wakachimba mfereji kutoka mtoni. Kisha kuanzia miaka ya 1990 yakaja maua, broccoli na french beans za kupanda ndege kwenda Ulaya. Sensa ya 2019 ilihesabu Laikipia peke yake watu 518,560. Hawa si wezi, ni majirani wa juu, lakini maji ya mto ni kama sufuria ya ugali, wa kwanza akijipakulia mlima wa mwisho anakwangua.

Hapa huwa kuna mtu anaruka na habari ya barafu. Ati mto unakauka kwa sababu barafu ya Mlima Kenya inayeyuka. Ni kweli barafu inaisha, ile ya Lewis yenyewe, iliyokuwa kubwa kuliko zote pale, imebaki kiraka, na inasikitisha, lakini barafu ile ni ndogo mno kulisha mto wa namna hii, maji ya kiangazi yanatoka kwenye msitu na kwenye ule uwanda wa nyasi na matope ulio juu ya msitu, ambao unanyonya mvua kama sponji na kuiachia polepole. Wala mvua ya mlimani haijapungua kwa kiasi cha kueleza kutoka 9 mpaka chini ya 1. Mabadiliko ya tabianchi yapo na yanazidisha, misimu mitano mfululizo ilifeli kati ya 2020 na 2022 na kaskazini mizoga ilijaa barabarani. Lakini kwenye mto huu tabianchi imekuwa kisingizio kizuri sana kwa sababu haina jina wala namba ya kibali, huwezi kuipelekea barua ya kufunga paipu.

Turudi kwa bwawa, na tuwe wakweli kwa upande wa wanaolitaka. Hoja yao ya nguvu ni hii: Ewaso Nyiro hauna shida ya maji kidogo kwa mwaka, una shida ya maji kuja yote siku moja. Tarehe 4 Machi 2010 mto ulifurika ghafla ukabeba kambi na loji za watalii ndani ya Samburu, watu wakaokolewa na helikopta kutoka juu ya miti na mapaa, na mwaka kabla ya hapo mto huo huo ulikuwa mchanga. Ukiwa na nchi ya namna hiyo, kuhifadhi mafuriko ndiyo hesabu ya kawaida, na mji wa Isiolo unakua, kuna uwanja wa ndege, kuna barabara ya lami mpaka Moyale, watu watakunywa nini. Mimi hoja hiyo siipuuzi. Anayesema mto uachwe ujiendee wenyewe tu na kila mtu atashiba, huyo hajawahi kuwa na mtoto anayeumwa tumbo kwa maji ya shimo.

Ila swali ni maji yahifadhiwe wapi, na hapo ndipo Crocodile Jaws inapoanza kunishinda. Ukishuka kutoka Laikipia kwenda Archers Post mvua inashuka mpaka milimita 350 hivi kwa mwaka, na jua la pale linaweza kukausha zaidi ya milimita 2,000. Kutandaza maji kwenye joto hilo ni kama kuanika. Tena bwawa linashika matope, na mto wenyewe unaitwa hivyo kwa Kimaa kwa sababu ya maji yake ya kahawia, udongo wa Laikipia iliyolishwa mpaka ikabaki mawe unashuka nao, kwa hiyo korongo linajaa udongo huku deni likibaki. Na kubwa zaidi, bwawa linamhakikishia maji yule wa mji halafu yule wa Merti anaachiwa ahadi kwamba mageti yatafunguliwa. Nani atafungua, mwezi gani, kwa simu ya nani? Ukinionyesha mahali katika nchi hii ambapo maji yaliyoahidiwa wa chini yalifunguliwa wakati wa ukame mji ukiwa na mgao, nitabadilisha msimamo.

Halafu kuna ile hoja nyingine, dhaifu kuliko zote na ndiyo inayopendwa zaidi, kwamba maji yakipita Archers Post yanapotea bure, yanaishia mchangani. Hii naisikia kwa watu wasomi kabisa. Hebu tufuate hayo maji yanayopotea. Mafuriko yakifika Merti na kushuka Lorian yanatandaa kwenye tambarare, yanaloweka, na yakiondoka yanaacha nyasi ambazo hazikutegemea mvua ya pale. Waborana wa Waso, yaani wa mto huu, wamejenga utaratibu mzima juu ya jambo hilo, unaitwa deedha, wazee wanagawa nchi: malisho ya wakati wa mvua mbali na mto, ya kiangazi karibu na mto, na kuna ya akiba ambayo hayaguswi mpaka mambo yawe mabaya kweli, mgeni anaomba ruhusa na anapangiwa. Yaani nyasi za mto ndizo benki. Mafuriko yasipofika, benki haina kitu, ng'ombe wanaanza kupanda juu kwenda Laikipia, na kila mtu anajua kinachofuata, uzio umekatwa, mifugo imeingia ranchi, polisi, risasi, vichwa vya habari vya "wavamizi". Anayefungua pampu Timau na anayelalamika ng'ombe wamemwingilia Rumuruti wanaweza kuwa wanaongelea maji yale yale bila kujua.

Sehemu ya maji hayo pia inazama chini kwenye ile hifadhi ya maji ya ardhini inayoitwa Merti, inayoenea mpaka upande wa mpaka wa Somalia. Visima vya kambi za wakimbizi za Dadaab vinavuta huko huko. Kwa hiyo maji "yanayoishia mchangani" yananywewa na watu, ila ni watu ambao hawaonekani kutoka Nairobi. Na hii haikuanza jana. Mwaka 1965 serikali iliandika kwenye Sessional Paper namba 10 kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozalisha zaidi, ardhi nzuri na mvua nzuri, kisha matunda yatawafikia wengine. Wakati karatasi hiyo inaandikwa watu wa Merti, Garba Tula na Modogashe walikuwa ndani ya vita vya Shifta, vile vya kutaka kaskazini ijiunge na Somalia, mifugo yao inachukuliwa, na baadaye wenyewe wakafungiwa kambini. Sasa mtu wa familia hiyo ukimwambia serikali inataka kuzuia mto juu kwa faida yake, halafu ukashangaa kwa nini amepanda ngamia kuandamana, wewe ndiye hujaelewa, na si habari ya kuchukia maendeleo.

Lakini nina neno na upande wa msafara pia, maana nawaunga mkono na sitaki kuwadanganya. Bwawa ni adui mzuri. Lina mahali, lina mchoro, lina mkandarasi, unaweza kulipigia kelele na ukashinda. Paipu elfu hazina sura. Hata tukisema adui ni mashamba ya maua, ambayo ndiyo tunapenda kusema kwa sababu mwenyewe ni tajiri na mara nyingi mgeni, tunakwepa nusu ya ukweli: mengi ya hayo mashamba makubwa yamechimba mabwawa yao ya nailoni, yanavuna maji ya paa za grinihausi, yana mita, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya anakagua. Siyatetei, yanakunywa sana na yalipaswa kufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Ila mfereji wa udongo wa mradi wa kijiji, unaovujisha nusu ya maji yake njiani na hauna mita wala kibali kilicho hai, huo hauandamaniwi na mtu kwa sababu ni wa maskini, na mwenyekiti wake ni mzee wa kanisa. Ukijumlisha hao wengi, hapo ndipo hesabu inapofungia.

Kinachonichosha ni kwamba sheria ipo. Sheria ya Maji ya 2002 na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake zote zinasema kuna kiasi kinaitwa akiba, maji ya watu kunywa na ya mto wenyewe kuishi, na hicho kinatolewa kabla ya kibali chochote. Kanuni za 2007 zikaongeza kwamba anayemwagilia achukue maji ya mafuriko na awe na mahali pa kuyaweka ya siku 90. Siku 90 ndizo zile za kiangazi, hesabu imelingana kabisa. Na bonde hili hili ndilo lililoanza mapema vyama vya watumiaji maji, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo wa juu na wa chini wa kijito kimoja wanakaa wanapangiana zamu, Jumatatu wewe, Jumanne mimi, na vingine vilifanya kazi vizuri kuliko korti yoyote. Shida ni kwamba zamu hizo zinaishia pale kijito kinapoingia mto mkubwa. Mtu wa Burguret anaweza kukutana na jirani yake wa kilomita 15 chini, wanajuana, wameoana. Yule wa Merti hana kiti kwenye mkutano huo.

Ndiyo maana nasema tukihamisha ule mjadala wa bwawa kutoka Crocodile Jaws kuupandisha juu, unakuwa mjadala mwingine. Serikali ya Ruto ilitangaza mabwawa makubwa 100 na madogo kwa mamia. Sawa. Sehemu ya pesa hizo ingechimba mabwawa ya siku 90 kwa vyama vya wakulima wadogo kuanzia Naro Moru mpaka Timau, huko ambako kuna baridi na maji hayakauki haraka, yajazwe Aprili na Novemba mto ukiwa umejaa, na kuanzia Januari mlango wa mfereji ufungwe kwa kufuli. Gharama ni kubwa na haina picha nzuri, hakuna rais atakata utepe kwenye dimbwi la nusu ekari la kikundi cha akina mama. Tena Laikipia, Nyeri na Meru zitauliza kwa nini zibebe mzigo wa Isiolo na Wajir, na gavana wa huku juu hapigiwi kura na mtu wa Merti, kwa hiyo kazi hiyo haiwezi kuachiwa magavana, ni ya mamlaka ya maji ya kitaifa, ambayo haina mafuta ya gari ya kuzunguka kukagua. Mwaka ukiwa mbaya inatoa amri paipu zote zifungwe, wiki ya kwanza zinafungwa, wiki ya pili usiku unasikia dizeli zinanguruma kwenye mabonde.

Kwa hiyo bwawa likisimamishwa kabisa mwaka kesho, nitafurahi, na sitasema mto umepona. Na mbuga zikiongezwa mara mbili, vivyo hivyo. Nitasubiri Februari, nimuulize mtu wa Archers Post maji yamefika wapi kwenye kile kipimo cha darajani.